Limeziba au Limekufa?

 

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja azibe sikio moja kwa kidole. Moja tu, lolote. Mzee wangu wa kofia pale, nawe usikwepe. Sasa fungeni midomo, mvume: mmmm. Endeleeni kidogo. Mvumo mnausikia upande gani?

Wengi mnasema upande uliozibwa. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye masikio mazima, na baadhi yenu mmecheka kwa sababu mlitarajia kinyume chake. Mvumo wenu haukupita hewani. Umetoka kooni, ukapita kwenye mifupa ya fuvu hadi sikio la ndani, na kwa kuwa mlango wa nje mmeufunga, sauti imekosa pa kutokea na kelele za humu ukumbini zimekosa pa kuingilia.

Mjerumani Ernst Heinrich Weber aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1834, na Mjerumani mwingine, Adolf Rinne, akaongeza kipimo cha pili mwaka 1855. Hadi leo daktari wa masikio, pua na koo huwa na uma wa chuma wenye meno mawili. Anaugonga, unalia, anausimamisha katikati ya paji la uso la mgonjwa na kumuuliza swali lile lile nililowauliza ninyi. Mgonjwa aliyelalamikia sikio la kushoto akijibu kwamba mlio uko kushoto, sikio hilo limeziba: kuna kitu njiani, lakini sehemu ya ndani ni nzima. Akijibu kwamba mlio umekwenda kulia, kwenye sikio zuri, basi la kushoto limeharibika ndani. Mtaani tunasema limekufa.

Kipimo hicho hakihitaji umeme wala intaneti, na kinakwisha kabla mgonjwa hajavua kofia. Peke yake hakitoshi; daktari makini atachungulia sikio kwa taa na kumpeleka mgonjwa kwenye mashine ya kupima usikivu. Lakini swali lake ndilo lililonileta hapa Usagara, Kanda ya Ziwa, leo. Katika kuhudumia masikio kanda hii nimeona mambo haya mawili tukiyachanganya, na tukiyachanganya vibaya. Sikio lililoziba, ambalo tiba yake ipo na mara nyingi ni ya bei ndogo, tunaliacha. Tunasema mtoto akikua litapona. Sikio lililokufa, ambalo hakuna dawa ya kulifufua, ndilo tunaloliuzia ng'ombe: mizizi, matone ya dukani, safari za kwa waganga, mikesha ya maombi. Fedha inakwenda kusikotibika, na panapotibika panaachwa paoze.

Tuanze basi mlangoni. Hii sehemu inayoonekana, tunayoivuta watoto wakikosea, hukusanya sauti na kutusaidia kujua imetoka upande gani. Tundu lake ni fupi, kama sentimita mbili na nusu kwa mtu mzima, na mwisho wake kuna ngozi nyembamba iliyowambwa, ngoma ya sikio. Nta mnayoiona humo imewekwa kwa kazi: inanasa vumbi, inazuia vijidudu, na kwa kawaida inatoka yenyewe pole pole. Anayeifuata kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku au, kama nilivyoona kwa vijana wa bodaboda, ufunguo wa pikipiki, huisukuma ndani na kuishindilia. Nta iliyoshindiliwa inaweza kumfanya mzee aonekane kiziwi kabisa, na muuguzi akamsafisha mchana mmoja akarudi nyumbani akiwalalamikia wajukuu kwamba wana kelele.

Watoto nao hutia vitu: punje za mahindi, maharage, shanga, kipande cha kifutio. Harage usilimwagie maji, litavimba na kukaza. Mdudu akiingia akawa anakwaruza, matone machache ya mafuta ya kula yatamtuliza hadi mfike zahanati, isipokuwa kama ngoma ya sikio hilo ina tundu au sikio linatoa usaha. Hapo usimimine kitu chochote.

Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ni mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Urefu wake ni kama milimita tatu. Mifupa hiyo ya nini? Kwa nini sauti isipite tu?

Sababu ni maji. Sikio la ndani limejaa majimaji, na sauti ya hewani ni vigumu kuingia majini. Ninyi mnaooga ziwani mnajua: ukizama, mazungumzo ya watu walio ufukweni yanapotea, ilhali injini ya mtumbwi ulio mbali unaisikia vizuri, kwa kuwa propela yake imo humo humo majini. Nguvu ya sauti inayotoka hewani na kugonga uso wa maji hurudi karibu yote. Inayoingia ni kama sehemu moja tu ya elfu. Kama sikio lingekuwa na dirisha tupu linaloangalia majimaji yale, tungeishi duniani tukisikia kama mtu aliyezama.

Ngoma na mifupa yake ndivyo vinavyotuvusha. Eneo la ngoma linalotikisika ni kama mara 17 ya unyayo wa kikuku unaogusa dirisha la sikio la ndani, na mifupa yenyewe huongeza nguvu kidogo kwa namna ya wenzo. Kwa hesabu za wataalamu, mgandamizo unaofika ndani ni kama mara 22 ya ule uliogonga ngoma. Toboa ngoma, jaza chumba usaha, au mifupa ile ishikamane isicheze, na faida hiyo inapotea, ingawa sikio la ndani limekaa tayari likisubiri.

Chumba hicho kinapata hewa kupitia mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua. Ndio unaofunguka kwa mlio mdogo mnapomeza mate masikio yakiwa yameziba kwa safari ya milimani au ya ndege. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala karibu usawa, kwa hiyo mafua ya puani hupanda kirahisi. Mtoto analia usiku kucha, ana homa, anashika sikio. Alfajiri mto umelowa usaha, maumivu yamekatika, na mama anashukuru Mungu. Kilichotokea ni kwamba ngoma imepasuka na shinikizo limepungua. Mara nyingi tundu hilo hujiziba lenyewe. Lakini usaha ukiendelea kutoka zaidi ya wiki mbili, huo sasa ni ugonjwa sugu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watoto wa namna hiyo wamo katika kila shule ya msingi kati ya hapa na Misungwi mjini.

Mnawajua. Ni yule anayekaa nyuma, wenzake wanamwambia ananuka. Mwalimu anamwita mara mbili, haitiki. Anaandikwa mzito wa kuelewa. Nyumbani wanasema meno yanaota, na mtoto ana miaka saba. Nimeona masikio yaliyotiwa mafuta ya taa, maziwa ya mama, maji ya majani yaliyopondwa, na unga uliomwagwa kutoka kwenye kidonge cha rangi mbili. Unga ule huganda na usaha ukawa kama saruji, na daktari anatumia nusu saa kuubandua kabla hajaona chochote.

Kwa nini dawa za kunywa hazisaidii? Mwaka 2016 watafiti wa Bugando, hospitali yetu ya rufaa pale mlimani iliyofunguliwa mwaka 1971, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa usaha sugu waliotibiwa hapo. Miongoni mwa vijidudu vilivyoongoza katika usaha wao ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Bakteria huyu hupenda unyevunyevu, na amoksilini haimsumbui hata kidogo. Kwa hiyo mzazi anayenunua chupa ya amoksilini kila mwezi anampa mtoto dawa ambayo mdudu mwenyewe haijui.

Tiba inayopendekezwa ni ya kuchosha lakini ni rahisi. Chukua kitambaa laini kisafi cha pamba au karatasi laini yenye nguvu, sokota utambi, uingize taratibu sikioni, uache unyonye, utoe, uweke mwingine mpaka utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Sikio likishakauka ndipo unatia matone ya dawa, kwa kawaida ya kundi la siprofloksasini, kwa wiki mbili, kwa maelekezo ya zahanati. Matone juu ya usaha ni kazi bure, hayafiki. Wakati wote huo maji yasiingie: mtoto akioga, zibeni tundu kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Na ziwani asizame. Najua ninachokiomba, kumwambia mtoto wa kando ya ziwa asioge ziwani ni kumwambia kuku asichakure. Basi angalau mpaka sikio likauke na ngoma izibe. Isipoziba, madaktari wa upasuaji wanaweza kuiziba kwa kipande cha utando kutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe.

Dalili za kukimbia nazo hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri siku ya kliniki: uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, mdomo kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, homa na maumivu ya kichwa pamoja na shingo kukakamaa. Chumba kile kidogo kimetengana na ubongo kwa mfupa mwembamba sana. Watu hufa kwa ugonjwa wa sikio. Siwatishi, nimewaona.

Sasa tuingie ndani kabisa, penye lile sikio la pili, lisilofufuka.

Kikuku kinagonga dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mrija uliojizungusha kama nyumba ya konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Wanasayansi wanauita koklea. Ukiunyoosha una urefu wa kama milimita 35. Ndani yake kuna utando mrefu, na juu ya utando zimepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Mtaalamu aliyetuonyesha jinsi utando huo unavyofanya kazi ni Georg von Békésy, Mhungari aliyeanza utafiti wake katika maabara ya simu huko Budapest akichunguza masikio ya maiti. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Aliona kwamba sauti inapita kwenye utando kama wimbi, na kila sauti ina mahali wimbi lake linapoinuka zaidi. Sauti nyembamba huinuka karibu na mlango, sauti nzito huenda mpaka mwisho wa mzunguko. Filimbi ya trafiki wa hapa njia panda na ngoma kubwa ya Bujora zinagusa seli tofauti kabisa.

Seli zile ziko za aina mbili. Kama 3,500 ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Nyingine, kama 12,000, zina kazi ya ajabu: zinacheza. Sauti hafifu ikifika, zinarefuka na kufupika kwa kasi na kuipa nguvu. Mwaka 1978 mwanasayansi David Kemp wa London alionyesha kwamba kwa sababu ya kucheza huko, sikio lenyewe hutoa sauti. Ukiweka kinasa sauti kidogo tunduni, unaipata. Leo hicho ndicho kipimo kinachotumika kwa watoto wachanga: mtoto amelala, hajui kusema wala kuinua mkono, lakini sikio lake linajibu lenyewe.

Seli hizi ukizaliwa nazo ndizo hizo hizo. Ngozi ikichubuka inaota, mfupa ukivunjika unaunga, seli ya kusikia ikifa imekufa. Kuku ana bahati kuliko sisi: miaka ya 1980 watafiti waligundua kwamba masikio ya ndege yakiharibiwa kwa kelele au dawa, seli mpya huota na usikivu hurudi. Tangu hapo maabara nyingi duniani zinatafuta jinsi ya kuliamsha jambo hilo kwa binadamu. Hazijafika. Anayekuuzia chupa ya kufufua sikio lililokufa, awe Mwanza mjini au mtandaoni, amezitangulia maabara zote hizo; muulize kwa nini hana Nobel.

Ni nini basi kinachoziua?

Kelele kwanza. Seli hizi ni kama nyasi za kando ya njia. Wakikanyaga watu siku moja ya harusi, kesho yake zinainuka. Ndiyo ile hali ya kutoka muzikini masikio yakivuma, na asubuhi yametulia. Wakipita kila siku, nyasi hazirudi tena, inabaki njia tupu. Kipimo kinachotumika ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Ikiongezeka desibeli tatu tu, muda salama unapungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, na ukifika 100, mbele ya spika kubwa za sherehe, una kama robo saa. Huna kifaa cha kupimia? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ndipo akusikie, mmeshavuka 85. Jaribuni kwenye mashine yenu ya kusaga, jaribuni kwa wachomeleaji wakiwasha grainda.

Vijana wengi wa hapa huvuka Kigongo kwenda Geita kutafuta dhahabu. Siku hizi hata kivuko hawasubiri, daraja la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025. Nina neno nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wachimbaji wa madini wa Tanzania ulikuta karibu nusu yao wana upungufu wa kusikia unaotokana na kelele. Mwaka 2019 watafiti wengine walipima viwanda vya chuma nchini wakakuta wastani wa kelele anayopata mfanyakazi ni desibeli 92. Wafanyakazi walioathirika walikuwa asilimia 48. Waliwalinganisha na walimu wa shule, na walimu nao wakakutwa na asilimia 31! Sijui kama walimu mliomo humu mtalitumia hilo kudai posho, lakini mnayo haki ya kulifikiria.

Pamba ya kawaida sikioni haizuii kelele ya kazi. Vizibo vya sponji vinavyosokotwa na kuachwa vivimbe ndani ya tundu vinazuia, na kwa grainda au baruti vinafaa vifuniko vikubwa vya masikio. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde. Aliyejiajiri anajilinda mwenyewe, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu kijana ataniambia akivaa vizibo hatasikia mwamba ukilia. Sina jibu la kumridhisha kabisa. Namwambia avae wakati wa kutoboa na kusaga mawe, avue wakati wa kusikiliza.

Ya pili ni maradhi ya mama mjamzito, na moja linatuhusu sana. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wakizaliwa na mtoto wa jicho, akagundua mama zao waliugua rubella mwanzoni mwa mimba. Punde ikajulikana kwamba wengi wa watoto hao walikuwa pia viziwi. Rubella kwa mtu mzima ni vipele na homa ya siku chache. Kwa koklea inayoumbwa tumboni ni msiba. Utafiti wa wajawazito jijini Mwanza uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya tisa katika kila kumi wana alama ya kinga ya rubella katika damu. Chanjo yake ilikuwa haijaingia katika ratiba ya watoto wetu, kwa hiyo kinga hiyo waliipata kwa kuugua. Maana yake virusi vilikuwa vinatembea mitaani mwetu, na yule mmoja ambaye hakuwahi kuugua utotoni alikuwa na mimba katikati yao. Mwaka huo huo wa 2014 Tanzania ikaanza chanjo ya surua na rubella kwa pamoja. Mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Mnapompeleka mwana wa kiume kwa chanjo hiyo, mnamlinda pia mtoto wa jirani ambaye bado hajatungwa mimba.

Ya tatu ni dawa. Wazee mnaikumbuka kwinini: ukimeza, masikio yanavuma kama nyuki, dunia inakwenda mbali. Kwa kawaida hali hiyo hupita dawa ikiisha mwilini. Streptomaisini na kanamaisini, sindano zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, hazikuwa na huruma hiyo. Ziliua seli moja kwa moja, zikianza na za sauti nyembamba. Wapo watu kanda hii waliopona kifua kikuu wakabaki na ukimya. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeelekeza tiba ya kifua kikuu sugu ihamie kwenye vidonge. Jentamaisini bado inatumika, na inaokoa watoto wachanga, kwa hiyo msiikatae. Ninachosema ni kwamba sindano hizi si za kuchomwa kiholela dukani kwa sababu tu mtu anajisikia homa.

Homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya mtoto mchanga, na matumbwitumbwi nazo zimo, nazitaja nikipita. Selimundu nitaisimamia kidogo, kwa kuwa Kanda ya Ziwa inaongoza nchini kwa ugonjwa huo. Koklea inalishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu usio na msaidizi. Chembe zilizojikunja zikiuziba, seli zinakosa hewa. Mtoto mwenye selimundu akiacha kuitika, apimwe masikio. Msidhani ni deko la ugonjwa.

Na ya mwisho ni umri, ambao hauna chanjo. Sauti nyembamba zina mahali pake karibu na dirisha, na hapo ndipo kuchakaa kunapoanzia. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nzito na zina nguvu. Herufi kama s, f na sh ni nyembamba na hafifu. Mzee anasikia kwamba unasema, hasikii unachosema. Konda anamwambia shuka, yeye anasikia suka, au fuka, au uka tupu. Ndipo tunapokosea: tunapiga kelele. Kelele inakuza irabu, ambazo alikuwa anazisikia tangu mwanzo, na inampa babu nafasi ya kutwambia, kwa haki kabisa, kwamba hatuna adabu. Keti mbele yake penye mwanga, akuone midomo, zima redio, sema taratibu. Asipoelewa sentensi, ibadilishe maneno; usiirudie ile ile mara nne.

Shimesikio, vile vifaa vya kusaidia kusikia, vinafaa kwa wengi wa namna hii. Havimrudishii mtu ujana wa masikio. Vinakuza sauti zile alizopungukiwa, kwa hiyo lazima vipimwe kwa sikio la mwenyewe. Kifaa cha marehemu baba hakimfai mwana kwa kurithi tu. Na kabla ya kununua, ulizeni betri zake zinapatikana wapi, maana vifaa vingi nimevikuta kabatini, vizima, vikisubiri betri. Kwa ambaye seli zake zimekwisha kabisa lakini mshipa wa fahamu ni mzima, upo upandikizaji: waya mwembamba unaingizwa ndani ya koklea na kuugusa mshipa kwa umeme mdogo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, wengi India. Unawafaa zaidi watoto wadogo, na baada ya upasuaji kuna miaka ya mafunzo ya kusikia na kusema, ambayo wazazi wengi hawaambiwi wala hawaihesabu.

Haraka hiyo ya utoto inawahusu hata wasiofika Muhimbili. Ubongo wa mtoto hujenga lugha katika miaka michache ya mwanzo. Aliyezaliwa kiziwi akikaa nyumbani hadi miaka tisa wazazi wakizunguka na mizizi, amepoteza kusikia na amepoteza lugha, na hasara ya pili ndiyo kubwa. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, yenye sarufi yake; mkalimani aliyesimama hapa kulia kwangu tangu tuanze hajaacha hata mzaha wangu mmoja, nimewaona wenzetu kule kushoto wakicheka, tena baadhi ya mizaha waliipata kabla yenu. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Leo shule na vitengo vya namna hiyo vipo katika mikoa mingi, na afisa elimu wa wilaya anapaswa kuwaelekeza. Mtoto asiyeshtuka mlango ukibamizwa akiwa na miezi mitatu, asiyegeukia sauti ya mama akiwa na miezi sita, asiyesema neno lolote akitimiza mwaka na nusu, mpelekeni akapimwe mwezi huo huo. Wakiwaambia limeziba, tibuni. Wakiwaambia limekufa, ng'ombe yule asiuzwe kwa mganga. Auzwe kwa nauli na ada, na nyumba nzima ianze kujifunza alama, bibi akiwemo.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, na kimoja kinauliza kama kutoga masikio kunapunguza usikivu. Hapana, ndewe haisikii. Mengine niulizeni ana kwa ana. Mkalimani atatafsiri pande zote mbili, na yupo mwenzetu kule kushoto ameinua mkono muda mrefu, aanze yeye.